Tupeane uzoefu: mlioishi na injini za MG, tangu MGA hadi MGB

Mwana wa Kilindini
Wakuu, jana MGB, lile gari la michezo la MG la Uingereza, imenipita barabarani nikasimama. Mlio ule ule wa Morris Oxford ya marehemu baba! Na ni damu moja kweli. BMC, kampuni iliyomiliki MG na Morris, waliichukua injini ya gari la familia, cc 1489, wakaitia kwenye MGA mwaka 1955. Ikapanda 1588, 1622, hadi 1798 kwenye MGB ya 1962. Mwendo wa pistoni haukuguswa, milimita 89 zile zile. Walichopanua ni silinda, kutoka milimita 73 hadi 80. Mlioishi nazo simulieni.

Dada Spana
Ninayo, niko Birmingham. Yangu ni ya 1963, kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inakaa kwenye beringi tatu. Za mwishoni mwa 1964 zikaja na tano. Nimeziendesha zote mbili: ya beringi tatu inazunguka kwa wepesi zaidi, ya beringi tano imetulia.

Bin Juma
Kweli kabisa dada.

Fundi wa Zamani
Mmenitonesha. Mwaka wangu wa kwanza gereji, karibu na Oxford, mzee mmoja alileta MGA Twin Cam. Ile ya 1958: bloku ya cc 1588, ila hedi ya aluminiamu yenye kamshafti mbili (shafti za kufungua vali), nguvu farasi 108, mgandamizo wa hewa na petroli kwenye silinda 9.9 kwa 1. Zilitoka 2,111 tu, mwaka 1960 zikasimamishwa. Nikatega taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, kwa sikio, nilivyozoea kwenye magari ya kawaida. Tukatoka kuijaribu, mzee anaendesha. Kwenye mlima akakanyaga mafuta, nikasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Nilijua ni nini: injini inagonga, petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda. Sikusema, nilikuwa kijana, niliogopa. Punde nguvu zikakata, nyuma moshi wa bluu mtupu. Tulipofungua hedi, pistoni ya tatu ina tundu katikati, kidole kinapita. Mzee wa watu hakunigombeza. Aliishika mkononi, akauliza kama nyingine inapatikana. Mpaka leo nikisikia injini inagonga namwambia dereva atoe mguu, hata kama simjui.

Bin Juma
Pole sana mzee wangu. Nimesoma mara mbili.

Kabureta Mbili
Pole, lakini taimingi inasingiziwa. Kabureta zilitetemeka injini ikifika mzunguko fulani, petroli ikawa haitoshi kwenye hewa, pistoni ikaungua.

Fundi wa Zamani
Mkuu, mkono uliotega ni huu. Na waliposhusha mgandamizo hadi 8.3 mbona zilitulia?

Kabureta Mbili
Zilitulia kwa sababu ziliweza kuvumilia kosa. Kosa lenyewe lilibaki.

Dada Spana
Ya Twin Cam fungulieni uzi wake. Mimi nataka kubadilisha klachi, nianzie wapi?

Mwana wa Kilindini
Shusha giaboksi kwa chini.

Fundi wa Zamani
Usimsikilize, kwa MGB haishuki peke yake. Unatoa injini na giaboksi pamoja, kwa juu.

Kabureta Mbili
Hapo tuko pamoja. Oili ukirudishia weka 20W-50, na usisahau oili ya kwenye vichwa vya kabureta.

Fundi wa Zamani
Na ile beringi ya kaboni inayosukuma klachi usirudishie ya zamani, hata ukiiona nzima.