Moyo unadunda, vidole vinakufa ganzi, vipimo vyote safi. Naombeni ushauri

Mzigo wa Tunduma (mtoa mada)

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu.

Mimi ni dereva wa semitrela, napiga Dar–Tunduma, wakati mwingine navuka hadi Zambia. Nina miaka 36, nina mke na watoto. Sinywi pombe wala sivuti sigara.

Mwaka huu nimepatwa na kitu ambacho sijui nikiiteje. Nilikuwa napandisha mlima Kitonga usiku na mzigo, ghafla moyo ukaanza kudunda mpaka nausikia masikioni. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, mbele nikaona ukungu. Nikajua ndiyo nakufa. Nikatafuta sehemu yenye nafasi nikapaki, utingo akanimwagia maji kichwani. Baadaye ikaisha yenyewe, nikabaki hoi.

Nilipofika Iringa nikaingia hospitali. Presha kawaida, sukari kawaida, malaria hakuna, kipimo cha ECG wakasema moyo hauna shida. Niliporudi Dar nikaenda kwingine, wakanipa dawa za vidonda vya tumbo. Hali imerudi tena na tena, mara moja imenikuta nimelala nyumbani kabisa. Sasa hivi nikifika Ruaha Mbuyuni viganja vinalowa kabla hata sijauona mlima. Nimemwomba bosi anipe safari za Morogoro tu, na kipato kimeshuka sana.

Duka la dawa waliniuzia diazepamu bila cheti. Nikimeza natulia, ila kesho yake nashinda mzito. Mama anasema nimetupiwa kitu, mke anasema nina mawazo mengi. Huu ni ugonjwa gani? Na unatibika?

Kwa Neema Tu

Pole sana ndugu yangu. Hayo ni mambo ya kiroho, hospitali hawatayaona. Tafuta watumishi wa Mungu wakuombee, na ukipanda gari usiache kuomba.

Mama Wawili

Kaka pole. Mimi naona hiyo kazi iache tu, uhai kwanza. Fungua hata duka.

Nesi wa Zamu

Kaka, pole. Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na maelezo kama yako tunayapokea sana. Wengi huwa wameshapita kwa daktari wa moyo, wameshatibiwa taifodi, wameshameza dawa za tumbo. Siwezi kukupima kwa maandishi, ila unachokieleza kinafanana mno na shambulio la hofu. Nakueleza kwa urefu kwa sababu kuelewa kinachotokea mwilini ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ubongo ukihisi hatari, adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, unahema harakaharaka ili ukimbie au upambane. Sasa wewe umekaa kwenye kiti, hukimbii popote, lakini unahema kama mtu anayekimbia. Unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana kidogo: kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona ukungu, vidole na midomo vinakufa ganzi. Kifua nacho kinabana kwa sababu misuli ya mbavu inafanya kazi kupita kiasi. Hapo mtu anajiambia "nakufa", na wazo hilo linaamsha adrenalini nyingine. Ndiyo mzunguko wenyewe. Mara nyingi hali hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha inashuka, hata usipofanya chochote. Maji ya utingo hayakuwa dawa, muda ndio uliomaliza kazi.

Kupata shambulio moja siyo ugonjwa, watu wengi hupata na maisha yanaendelea. Linakuwa ugonjwa pale mashambulio yanaporudi, na kwa mwezi mzima au zaidi mtu anaishi akiogopa lijalo, au anabadilisha maisha yake kulikwepa. Wewe umeshabadilisha hadi njia ya kazi.

Kabla ya yote, rudi wapime vitu viwili ambavyo hujavitaja: homoni za tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na wingi wa damu. Thairoidi ikizidisha kazi, au damu ikipungua, moyo huenda mbio hivyohivyo na mtu hutibiwa wasiwasi bure. Na ikitokea kifua kinauma unapobeba kitu kizito au kupanda ngazi, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, au unazimia kabisa, hiyo usisubiri ushauri wa mtandaoni, nenda haraka.

Diazepamu: naomba sana usimeze tena kwa kujinunulia. Inatuliza haraka, ni kweli, lakini inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kesho yake unashinda mzito. Ukiwa na tani 30 nyuma yako huo uzito wa kichwa ni hatari kwako na kwa wenzako barabarani. Halafu mwili unaizoea, unataka dozi kubwa zaidi, na ukiiacha ghafla hofu inarudi kwa kishindo. Kama umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, mwambie daktari akupunguzie taratibu.

Mama usigombane naye. Anakupenda na anatafuta jibu kwa njia anayoijua. Kuhusu maombi aliyosema Kwa Neema Tu, omba kaka, hakuna daktari anayekukataza. Ila maombi na kliniki vinakwenda pamoja.

Mkongwe wa Barabara

Mkuu, mimi nimestaafu usukani. Maswali mawili, ujibu kwa ukweli. Unakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu? Na kuna ajali yoyote umeiona njia hiyo?

Mzigo wa Tunduma (mtoa mada)

Nesi, Mungu akubariki. Hiyo ya vidole kufa ganzi ndiyo iliyokuwa inaniogopesha kuliko yote, nilijua ni kiharusi.

Mzee wangu shikamoo. Vinywaji nakunywa, makopo matatu au manne kwa usiku, na kahawa. Usingizi ni wa kuibia. Ajali… kuna moja sikuitaja. Mwaka jana mwenzangu, tulianza udereva pamoja, gari lilifeli breki akiteremka na mzigo, likapinduka na kuwaka. Nilikuwa nyuma yake. Tulishindwa kumtoa. Bado namuota. Harufu ya mpira unaoungua nikiisikia popote natetemeka. Sijawahi kumweleza mtu, hata mke wangu.

Mkongwe wa Barabara

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kumpoteza mwenzako. Nilihisi. Sisi madereva tunazika wenzetu na kesho yake tunapita palepale kama hakuna kitu. Mweleze mkeo leo. Hayo makopo yaache, lakini pole pole, maana ukikata kahawa kwa siku moja kichwa kitakupasuka.

Nesi wa Zamu

Asante kwa kutuamini na hilo, na pole sana kwa msiba. Hili linabadilisha mambo. Kuota tukio, kushtuliwa na harufu, kukwepa eneo, hizo ni dalili za kiwewe, na kiwewe na mashambulio ya hofu mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja. Ukienda kwa daktari ukieleza moyo tu, atatibu nusu. Maelezo uliyoandika hapa yapeleke yote, hata kama ni kumsomea kwenye simu.

Kafeini nyingi, ile iliyomo kwenye kahawa na hayo makopo, pamoja na kukosa usingizi vinaamsha mashambulio kwa mtu ambaye mwili wake tayari uko karibu kuyapata. Kuna na kurithi: uliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyeishi na hofu za namna hii. Siyo udhaifu wa moyo wala wa imani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wanaishi na magonjwa ya wasiwasi.

Binti wa Kisauni

Pole sana kakangu, nakusoma kutoka Mombasa. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa na shida ya jamii hiyo ila yake ilikuja na sura nyengine. Alikuwa akichukua udhu, anarudia, anarudia, mpaka wakati wa swala unapita naye yuko bombani, mikono imechubuka. Tukidhani ni ucha Mungu. Imamu wetu mwenyewe ndiye aliyetwambia tumpeleke hospitali. Kumbe ni maradhi ya mawazo yanayojirudia, akapewa dawa ya fluoxetini, na mtaalamu akamfunza kuutia udhu mara moja tu kisha aivumilie ile hofu bila kurudia. Ilichukua miezi, lakini leo anaswali kwa wakati. Usivunjike moyo.

Saikolojia Mtaani

Naongezea alichosema dada wa Mombasa, maana kanuni ni ileile. Mimi ni mwanasaikolojia. Kukwepa ndiko kunakoilisha hofu. Ukigeuza gari usiende Iringa, unapata nafuu papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekwepa. Kesho hofu inasogea: leo Kitonga, kesho Mikumi, mwishowe mtu hatoki nyumbani.

Kwenye tiba ya fikra na tabia tunafanya kinyume, kwa hatua. Tunaanza ofisini. Nakukimbiza palepale uliposimama mpaka moyo udunde, nakuhemesha kwa mrija mwembamba, nakuzungusha kwenye kiti mpaka upate kizunguzungu. Lengo ni mwili wako uzizoee hizo hisia na uone kwamba zinapita bila kukuua. Halafu ndipo tunakwenda barabarani: kwanza kama abiria, mchana, kisha bila mzigo, na kadhalika. Kwa hofu peke yake mara nyingi ni vikao vya wiki kwa wiki, miezi mitatu hivi. Kiwewe kina utaratibu wake, ambapo unalisimulia tukio ukiwa na mtaalamu, kwa hiyo usianze kujipeleka Kitonga mwenyewe.

Hofu ikija, toa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Kuhemea kwenye mfuko usifanye, kama tatizo ni pumu au moyo kweli itakudhuru.

Mkongwe wa Barabara

Mtaalamu akikuruhusu hiyo hatua ya abiria niambie, nina gari dogo na muda ninao.

Mzigo wa Tunduma (mtoa mada)

Nimemweleza mke wangu jana usiku. Tumelia wote. Jumatatu tunakwenda pamoja. Swali la mwisho: nikipewa dawa nitaweza kuendesha? Bosi nimwambie nini?

Nesi wa Zamu

Inategemea dawa. Amitriptilini inaleta usingizi, hiyo ukipewa usishike usukani mpaka daktari aseme. Fluoxetini na sertralini kwa wengi hazilazi, lakini wiki ya kwanza zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo kabla ya kuupunguza, na nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi sita. Watu wengi huziacha katikati hapo wakidhani zimegoma. Ukishapata nafuu pia usiziache ghafla, mara nyingi huendelea kwa miezi sita hadi mwaka. Propranolo wanaweza kukupa kwa ajili ya mapigo ya moyo, ila kama una pumu waambie kabla.

Bosi mwombe ruhusa ya matibabu na umpe cheti cha daktari, ugonjwa wenyewe si lazima umtajie. Lakini usiendeshe mzigo mpaka daktari amekuona, hata huo wa Morogoro. Ukifika mapokezi sema unahitaji kliniki ya afya ya akili, nenda asubuhi, na bebeni vidonge vyote ulivyonavyo nyumbani pamoja na yale majibu ya ECG ya Iringa.