Ushauri: mtoto mwenye hali ya Down anaogopa kutolewa damu

Mama wa Kisauni: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 4, alizaliwa na hali ya Down, ile inayochelewesha ukuaji na kujifunza kwa mtoto, na daktari ametaka atolewe damu ili homoni za tezi ya shingo zipimwe, kipimo ambacho watoto kama yeye hufanyiwa kila mwaka kwa kuwa tezi hiyo huwasumbua kuliko watoto wengine. Mara ya mwisho, katika hospitali moja, watu wanne walimlaza wakamshika mikono na miguu, akachomwa mara tano, na kichupa hakikujaa. Tangu siku ile, akiona glavu, hata zile ninazooshea vyombo, huingiza mikono yote miwili ndani ya fulana na kunyamaza kimya. Maneno yake bado ni machache, nami sijui nimweleze vipi. Kipimo sitaki kukiacha. Nifanyeje?

Mpimaji wa maabara, Tudor: Wa aleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Watoto hawa mara nyingi mishipa yao ni myembamba na imejificha, kwa hiyo aliyezoea watoto ndiye wa kumwomba, tena kabla hamjaketi. Muulize daktari kuhusu krimu ya ganzi, ambayo hupakwa kwa kiasi kinacholingana na uzito wa mtoto na kufunikwa kwa muda wa saa nzima hivi. Ipakwe mikono yote miwili, ili mmoja ukikataa usianze upya. Mnyweshe maji ya kutosha, kwani kipimo hiki kwa kawaida hakihitaji mtoto ashinde na njaa, na mkono wake uwe na joto. Asilazwe: mpakate, kifua chake kikiegemea chako, mkono wa kutolewa damu upitie chini ya kwapa lako. Na useme wazi kwamba wakichoma mara mbili bila kupata mshipa, aitwe mwingine au mrudi siku nyingine. Huo si ukorofi. Mimi humshukuru mzazi anayeniambia mapema.

Bibi wa Likoni: Mwanangu, mjukuu wangu ana usonji, na kilichotusaidia ni mchezo. Kwa wiki nzima tulimfunga mwanasesere leso mkononi, tukampangusa kwa pamba yenye maji, tukahesabu hadi kumi, kisha zamu yangu, kisha yake. Usimwambie kwamba haiumi, kwa maana akishaumia hatakuamini tena. Siku yenyewe tulivuka na feri alfajiri, tukawa wa kwanza, kwa kuwa ile foleni na kelele zake ndizo zilizokuwa zikimchosha kabla hata ya sindano.

Mama wa Kisauni: Ahsanteni mno. Daktari amekubali kuniandikia krimu. Jioni hii nimemfunga mwanasesere leso, tukahesabu, na mwanangu akautoa mkono mmoja kwenye fulana, akaunyoosha hadi tatu, kisha akaurudisha. Kesho tutahesabu tena.