Kurekodi mapigo ya moyo, Holta ya saa 24, stika ya siku 14 au kifaa cha kupandikizwa: ipi inakula hela kidogo ukipiga hesabu yote?

MoyoMbio
Wakuu habari za saa hizi. Moyo unanienda mbio ghafla, dakika 2 au 3 hivi na kakizunguzungu kidogo, halafu unatulia wenyewe. Inatokea kama mara moja kwa wiki 2. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kulala kitandani nimefanya mara 2 haijaonyesha kitu, maana nikifika pale moyo unakuwa mpole kama sio wenyewe. Daktari kanipa chaguo: Holta ya saa 24 (kamashine ka nyaya kanakorekodi moyo muda wote), stika ya kifuani ya siku 14 inayorekodi hivyo hivyo, au kile kifaa cha kubonyeza moyo ukianza mbio, unakaa nacho mwezi. Bima yangu inalipa nusunusu. Holta ndo bei ya chini kuliko zote, na moyo wangu (huu huu mkorofi) unanituma huko. Kuna ubaya?

Nyaya5
Mkuu usije ukafanya nilichofanya mimi. Nilivaa Holta mara 3, zote zikarudi safi, yaani manyaya kifuani na kamashine kiunoni halafu moyo unakaa kama mtoto aliyeona fimbo. Bili 3, siku 3 sijaenda kazini, na kila mara nalipa kumuona daktari ili aniambie hajaona kitu. Mwisho nikabandikwa stika, siku ya 9 usiku ikanasa. Nikija kujumlisha zile Holta zilishapita bei ya stika zamani sana.

Nesi_wa_Zamu
Piga hesabu ndogo tu. Kama inakuja mara 1 kwa siku 14 na wewe unavaa siku 1, una nafasi kama 1 kati ya 14 ya kuinasa. Holta sio mbaya, ni nzuri kwa mtu ambaye moyo unamruka kila siku au anayetaka kujua dawa inafanya kazi. Kwako ni kama kutega samaki siku ya kiangazi.

Halafu kitu ambacho wagonjwa wanalia nacho pale dirishani: bei unayotajiwa kwenye simu mara nyingi ni ya kufungiwa kifaa tu. Kuna kuchambua rekodi, moyo unapiga karibu mara laki 1 kwa siku, sasa zidisha kwa 14, programu inachuja halafu fundi anapitia. Kuna daktari wa moyo kusoma na kusaini. Hivyo 3 vinaweza kuja kwenye bili moja au bili tofauti, na kama stika ni ya kampuni ya nje basi bili nyingine inakufuata wiki kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau. Uliza hivi: "Mpaka ripoti iko mkononi mwangu nimelipa shilingi ngapi jumla?" Uliza pia kama saa 48 ni bei moja na saa 24, kuna sehemu wanazihesabu kundi moja na mtu anavaa saa 24 tu kwa bei ya 48.

KaratasiZaBima
Naongezea hapo kwa dada Nesi. Kibali cha bima KABLA hujabandikwa, sio baada. Muda wa kuvaa nao unabadilisha malipo. Mfano Marekani tangu 2021 stika zina makundi mawili ya namba za malipo, zaidi ya saa 48 mpaka siku 7, na zaidi ya siku 7 mpaka 15. Kwa hiyo stika ikibanduka siku ya 5 inaweza kuangukia kundi lingine na sio lile ulilopigiwa hesabu. Soma pia kama bima yako inataka ujilipie kiasi fulani mwenyewe kwanza ndo ianze kuchangia, hapo ndo watu wanaumia, anadhani kafunikwa kumbe bado hajafika.

Saa_Mkononi
Kwani saa janja haitoshi? Mtu anayo tayari, anaweka kidole sekunde 30 anapata ECG, hela haitoki tena. Kuna utafiti wa Apple ulitoka 2019, watu zaidi ya 419,000, waliopewa taarifa ya mapigo yasiyo sawa walikuwa asilimia 0.52 tu.

Nesi_wa_Zamu
Malizia basi mkuu. Wale waliopewa taarifa wakavaa stika na kuirudisha, AF (moyo kupiga ovyo bila mpangilio) ilionekana kwa asilimia 34. Yaani saa ilitoa taarifa lakini bado stika ikahitajika. Kwa MoyoMbio dakika 2 zinatosha kuweka kidole, kama anayo afanye na ampelekee daktari. Kama hana asikimbie kununua akidhani ameruka kipimo. Na jamani anayezimia kabisa au kifua kinauma asitegemee saa wala cha kubonyeza, ukizimia nani atabonyeza? Huyo aende hospitali leo leo.

Kitindamimba
Sisi mzee alipata kiharusi chanzo hakijulikani, wakampandikiza kale kadude ka kurekodi moyo chini ya ngozi. Kwenye utafiti wa CRYSTAL AF wa 2014, ndani ya miezi 6 kaliona AF kwa asilimia 8.9 ya wagonjwa, ufuatiliaji wa kawaida 1.4. Kwa hiyo kazi inafanya. Ila bili yake haiishi siku ya upasuaji, kuna kusomwa kwa mbali mara kwa mara na kila usomaji una malipo, halafu betri ikiisha baada ya miaka kadhaa kuna kukatoa. Kwa mzee ilistahili maana kiharusi cha pili kingetugharimu zaidi. Wewe MoyoMbio hujafika huko.

Nyaya5
Halafu usilalamikie nyaya 😂 yule Norman Holter mwenyewe aliyebuni hii Holta, kifaa chake cha kwanza kilikuwa cha kubeba mgongoni, kilo kama 38.

MzeeJasho
Mimi nalia na dipoziti. Nilichelewa kurudisha kile cha kubonyeza wakanikata. Na stika ya mke wangu ilibanduka mapema kwa jasho na mafuta, wakataka alipe upya, tukabishana mpaka wakaweka nyingine. Ulizeni hilo mapema, ikibanduka nani analipa. Na usipake mafuta kifuani siku hiyo hata kama ngozi imekauka kama gome.

MoyoMbio
Wakuu nimerudi. Nimepiga simu nikauliza jumla kama dada Nesi alivyosema, dada wa mapokezi akanyamaza kidogo halafu akasema "ngoja nikuulizie", kumbe kusoma Holta ni bili nyingine kabisa, na saa 48 ni bei ileile ya 24! Ukiweka na kumuona daktari tena, Holta 2 zinaikuta stika. Bima wametoa kibali cha siku 14 kwa maandishi, ikibanduka kabla ya siku 3 wanabadilisha bila malipo.

Nimebandikwa leo asubuhi. Wamenyoa kifua upande mmoja tu, hivi huu mwingine nao niunyoe au niuache hivyo hivyo?