Fort Stevens ya Washington: ijengwe yote upya, au tuta liachwe lilivyo?

Mleta mada: Wakuu, ngome ya Fort Stevens iliilinda Washington Julai 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, dhidi ya jeshi la Kusini la Jenerali Early. Ilikuwa ya udongo na mbao, ya kutumika vita vikiisha basi. Kipande kilichopo leo kilijengwa upya miaka ya 1930 na vijana wa mradi wa ajira wa Roosevelt, magogo yakawa ya zege. Je, serikali imalizie ngome nzima? Mimi nasema imalizie.

Mzaramo wa Maryland: Imalizie nini? Kile kichuguu watu wanatembezea mbwa. Ngome ni Fort Jesus, mawe matupu! Pesa hizo wapeni shule.

Fundi Kombo: Kichuguu? Heshimu kazi za watu, kaka. Kuta ndizo zilizoaibika vita vile. Aprili 1862 mizinga mipya iliitoboa Fort Pulaski kule Georgia, matofali yote yale, kwa siku mbili tu. Udongo unameza kombora, usiku mnajazia kwa sepetu, asubuhi tuta limesimama. Mhandisi Barnard hakuwa mjinga: kufikia 1865 Washington ilizungukwa na ngome 68 za namna hiyo.

Mama Nuru: Sepetu za nani, Fundi? Taja na walioshika. Askari, sawa, na watu weusi waliotoroka utumwani. Na kiwanja je? Pale palikuwa na nyumba ya Elizabeth Thomas, mwanamke mweusi huru. Jeshi likaibomoa kupisha ngome. Mnahesabu mizinga, yeye hamumtaji.

Mzaramo wa Maryland: Dada, vita ni vita. Adui yuko mlangoni, Rais Lincoln mwenyewe kapigwa risasi palepale, wewe unalilia nyumba moja?

Fundi Kombo: Hakupigwa. Tarehe 12 alisimama juu ya tuta kutazama mapigano, risasi ikampata daktari wa jeshi aliyekuwa karibu naye. Usitie chumvi.

Mama Nuru: "Nyumba moja"! Hujawahi kubomolewa wewe. Mama yangu aliamka akakuta alama ya X ukutani, fidia akaisubiri mpaka akazikwa. Usiniambie vita ni vita.

Mzaramo wa Maryland: Pole kwa mama, kwa dhati. Ila usinigeuze mimi ndiye niliyebomoa.

Kijana wa Tanga: Tuseme kweli, hata udongo haukutosha. Askari wazoefu walikuwa wamepelekwa na Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, kupigana Petersburg kule Virginia, ngome zikabaki na watu wachache. Kilichookoa mji ni Kikosi cha Sita cha Kaskazini kuwahi kwa meli tarehe 11, baada ya Jenerali Lew Wallace wa Kaskazini kumchelewesha Early kwa mapigano kule Monocacy, Maryland.

Fundi Kombo: Na bila tuta hao wa meli wangemkuta Early mjini. Soma tena.

Mleta mada: Jamani, swali lilikuwa kujenga au kuacha.

Mama Nuru: Nakujibu. Ukiijenga yote kwa zege, unamfukia Bi Thomas mara ya pili. Wachimbue kwanza, watafute msingi wa nyumba yake, wauzungushie uzio na jina lake liandikwe kubwa kama la Lincoln.

Fundi Kombo: Kuchimbua tuta? Mvua mbili tu limekwisha! Hapo sikubali hata kidogo.

Mama Nuru: Nyumba yake ilibomolewa nzima, Fundi. Hilo ulikubali upesi.