Konokono wa bahari wa buluu hataki kula: nimlishe nini?

Mwenye_Uzi: Wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu konokono wa bahari asiye na gamba, mdogo kuliko kidole, mwenye mwili wa buluu, mistari myeusi na ukingo wa rangi ya chungwa. Nimempa mwani na vipande vya kamba, lakini hagusi chochote, na anazidi kunywea.

BintiMwani: Kwa sifa hizo, huenda ni Chromodoris elisabethina au jamaa yake wa karibu. Hao hula sponji hai tu, yaani wanyama wa baharini walioganda mwambani, tena za aina chache, na sumu ya sponji hizo, latrunkulini A, huihifadhi mwilini ili samaki wasiwale. Yuko wapi sasa?

Mzee_wa_Mwamba: Mimi nilifuga wa manjano, akafa kwa njaa mbele ya macho yangu. Wengi wao hawaishi zaidi ya mwaka mmoja, na kuwapunguzia hata huo ni dhuluma.

Mwenye_Uzi: Yumo katika tangi la kioo nyumbani. Nilimtoa mwambani maji yalipokupwa. Hata hivyo joto na chumvi ya maji napima kila siku, na nimeshapatana na mzamiaji aniletee mwenzake ili wazaliane.

Kaskazi: Sisadiki. Mtu apimaye chumvi kila siku asijue mnyama wake hula nini? Ama kisa umekitunga, ama huyo ni mnyoo bapa, maana wako wanaofanana nao mno kwa rangi. Je, ana matamvua ya kupumulia mgongoni?

Mwenye_Uzi: Anayo, karibu na mkia, na nikimgusa huyarudisha ndani. Isitoshe, jana ametaga utepe wa mayai uliojiviringisha kiooni.

Kaskazi: Basi naondoa shaka yangu, kwa kuwa mnyoo bapa hana matamvua.

BintiMwani: Mwenzake wa nini tena? Kila mmoja wao ana jinsia zote mbili, na huweza kuhifadhi mbegu alizopewa kabla hujamtoa baharini. Watoto wakianguliwa huelea majini, na pampu ya tangi itawamaliza. Ikiwa tangi halijapata kuingia viumbe wa kwingine, mrudishe upesi, pamoja na mayai, penye sponji zilezile ulipomkuta. Ikiwa limechanganywa, usimrudishe, usije ukapeleka maradhi mwambani.

Mwenye_Uzi: Tangi ni jipya, hana mwenzi ndani yake. Lakini mzamiaji nimeshamlipa nusu.

Mzee_wa_Mwamba: Basi kwa nusu hiyo akusindikize kumrudisha.