Naomba ushauri: udongo wa Bahi, nisome jeni ya 16S au DNA yote?

Habari zenu wakuu. Natafiti bakteria wa udongo kwenye mashamba ya mpunga Bahi, hapa Dodoma. Kuna mahali chumvi imepanda, ardhi nyeupe kama imemwagiwa unga, na hatua chache pembeni mpunga umestawi vizuri kabisa. Nataka kujua nani anaishi wapi.

Pesa yangu inatosha kusoma jeni ya 16S (jeni moja inayotumika kutambua aina za bakteria), herufi za DNA kama 1,500, ila hiyo inataja waliopo tu, kazi zao haionyeshi moja kwa moja. Kusoma DNA yote iliyomo kwenye udongo ni ghali. Nipunguze sampuli ili niimudu?

Halafu sampuli za kwanza ziliharibika, umeme ulikatika friza ikayeyuka. Iliniuma sana. Aliyewahi kutunza udongo kwa ethanoli bila friza, matokeo yalikuwaje?