Satini inachomoka nyuzi kwenye kingo: nifanyeje bila mashine ya ovaloki (ya kufunga kingo)?

Swali
Habari zenu. Nimeshona sketi ya satini kwa cherehani yangu ya kawaida, ambayo haina mshono mwingine ila ule mnyoofu, nikaacha akiba (kitambaa kinachobaki nje ya mshono) ya sentimita 1 kila upande. Baada ya kuifua mara tatu, nyuzi zimechomoka upande wa ndani kiasi kwamba kwenye nyonga zimebaki milimita 4 tu kuufikia mshono. Kingo nilizikata kwa mkasi wa meno nikidhani inatosha. Naomba kujua namna ya kuiokoa sketi hii, na namna ya kushona ijayo.

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Mkasi unapokata mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa), uzi wa pembeni kabisa hubaki bila cha kuushika, na satini ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa kila uzi wake huruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kupita chini ya mmoja. Mkasi wa meno hufaa kwa pamba iliyofumwa kwa kubana; kwa satini huchelewesha tu.

Kwa sketi ijayo ninapendekeza mshono wa Kifaransa, unaoficha kingo ndani yake. Acha akiba ya sentimita 1.5, weka vipande nyuma kwa nyuma (utahisi umekosea, lakini ndivyo), kisha shona milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza akiba hiyo ibaki milimita 3, piga pasi, geuza vipande viwe uso kwa uso, ushone tena kwa milimita 9. Usipopunguza vizuri, vinyuzi vitachungulia nje ya mshono wa pili na hutaweza kuvitoa bila kufumua.

Jibu la pili
Naafiki, ila mshono huo husumbua kwenye mizunguko mikali kama ya kwapa, ambako mimi huviringishia kingo utepe uliokatwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45, kwa sababu hunyumbuka na kufuata mzunguko.

Kuhusu sketi iliyokwisha kushonwa, kama haikubani, ingiza mshono ndani milimita 3 kwenye nyonga ili upate akiba ya kushika. Kata nyuzi zinazoning'inia bila kuzivuta, kisha zungushia ukingo kwa sindano ya mkono, mishono ikiachana milimita 3 hivi. Usikaze uzi, la sivyo ukingo utajikunja kama kamba na kuonekana kwa nje.

Jibu la tatu
Wapo wanaopitisha kingo kwenye moto wa mshumaa. Poliesta huyeyuka na kushikamana, lakini ukingo huwa mgumu na hukwaruza ngozi. Hariri na pamba huungua tu. Jaribu kwanza uzi mmoja uliochomoka, ukiushika kwa kibano.

Muuliza swali
Nashukuruni. Uzi nilioujaribu umeyeyuka ukawa kishanga cheusi kigumu, kwa hiyo ni poliesta, lakini sitaki kitu kama hicho kiunoni. Nimeingiza mshono ndani na ninazungushia kwa mkono. Upande mmoja umenichukua karibu saa nzima. Swali moja limebaki: je, pindo la chini nalo nilizungushie, au kulikunja mara mbili kunatosha?

Jibu la pili
Kunatosha, kwa kuwa ukingo unafungiwa ndani. Piga pasi kila mkunjo kabla ya kushona, maana satini huteleza.